Makofi ya Bibi Ndani ya Kisahani

Mashine ile niliipata Tunduma, upande wetu wa mpaka, katika miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Wakati huo sikuwa na makao ya kueleweka. Nilipanda malori, nikashuka nilipochoka, nikauza betri na kaseti tupu mpaka nikapata nauli ya kunifikisha mahali pengine. Tunduma ilinifaa kwa sababu kila mtu pale yuko njiani, na hakuna anayekuuliza unaondoka lini.

Mzambia mmoja alikuwa ametandaza turubai pembeni ya foleni ya malori. Juu yake alipanga pasi, mashine za kunyolea na simu za mezani zilizokatwa waya. Katikati ya vyuma hivyo kulikuwa na kitu cha rangi ya fedha, kidogo kama kibweta cha sabuni. Nilikigeuza nikitafuta pa kuingizia kaseti, nikapakosa.

"Hii inakula nini?" nilimuuliza.

"Awe, hapana, kaseti haili hii. Inakula kasahani." Akabonyeza ubavuni, kifuniko kikainuka. Ndani kulikuwa na kisahani kinachong'aa, kimefungiwa ndani ya ganda lake la plastiki kama konokono. "Ukiimba, sauti inakaa humu. Ukichoka unafuta, unaimba tena."

"Na kikijaa?"

"Unatafuta kasahani kengine, mukwai. Kwani wewe unataka kuimba maisha yote?"

Nilimpa redio yangu ya kaseti mbili, yenye spika mbili na mpini, naye akanipa mashine, kipaza sauti kidogo kama punje ya hindi na mfuko wa visahani. Wapagazi waliokuwa wamekaa juu ya magunia walicheka. Mmoja alisema nimebadilisha ng'ombe kwa panzi. Panzi huyo nilitembea naye miaka mingi.

Sikuwa nikinasa muziki. Nilinasa vitu ambavyo nilidhani vitanikumbusha nilikokuwa: breki za upepo za malori yakisogea hatua moja mpakani, mvua juu ya bati la nyumba ya wageni Vwawa, mashine ya mkono ya kumenyea kahawa nyumbani kwa dada yangu mlimani juu ya Nanyala, jinsi inavyokereza na kutema, na maji yanayofuata. Nilipokuwa mbali, Makambako au Sumbawanga, nilivaa hedifoni nikasikiliza kahawa ikimenywa. Wenzangu wa chumba walidhani nasikiliza mpira.

Bibi yetu mzaa mama alikuwa Mnamwanga wa Chapwa, enzi ambazo Chapwa ilikuwa mashamba na haijamezwa na mji. Kwa watu wake salamu haitoki mdomoni peke yake. Unainama, unakunja viganja kidogo, unapiga makofi ya taratibu, pa, pa, pa, ndipo maneno yafuate. Bibi alimpigia makofi kila aliyeingia uani kwake, hata bwana afya aliyekuja kukagua choo. Siku moja nilimpitia nikiwa na mashine yangu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umekuja kunioa au kula?"

"Vyote viwili."

"Basi anza na kula, maana mahari huna."

Alikuwa amekaa jikoni akichekecha unga. Niliiweka mashine juu ya kinu kilichopinduliwa, kipaza sauti nikakining'iniza kwenye ukingo wa chekeche, karibu na mikono yake. Nilimwomba aimbe ule wimbo wa kumtoa binti nyumbani. Ulikuwa wimbo wa nyumba yetu. Sijui kama uko kwingine, na nilikozunguka sijausikia.

"Huyu naye," akasema, akiitazama mashine kwa jicho moja. "Anasikia?"

"Anasikia, bibi."

"Anajibu?"

"Hajibu. Anakumbuka tu."

Alilifikiria jambo hilo, mikono ikiwa imetulia ndani ya unga. Kisha akaipigia mashine makofi kama anavyompigia mgeni yeyote, akaanza kuimba. Kuku walikuwa wakipita, na mwishoni jogoo mmoja aliwika kana kwamba ameitwa. Nilifunga kisahani, nikakitia kwenye kopo la biskuti pamoja na vingine, nikaondoka zangu kwenda Mbebe kulikokuwa na mnada wa ng'ombe.

Bibi alifariki, na mama alimfuata baada ya miaka michache. Simu zenye kunasa sauti zikaja, na mashine ikalala kwenye kopo lake.

Dada yangu alinipigia simu mwaka ambao hata wachunga mbuzi wa Nanyala walikuwa wameshaanza kupangusa simu kwa kidole. Wakati ule tulikuwa bado tunahesabiwa Mbeya, mkoa wa Songwe haujazaliwa. Binti yake wa mwisho alikuwa amechumbiwa, na sendofu ilikuwa imepangwa baada ya mavuno ya kahawa.

"Mdogo wangu, ule wimbo wa bibi," alisema. "Wewe si ulimnasa na kile kidude chako?"

"Nilimnasa. Kwani wewe huujui? Si uliimbiwa?"

"Niliimbiwa nikiwa nimefunikwa kanga kichwa kizima, nalia. Nilisikia kamasi zangu tu. Nakumbuka mlango, nakumbuka baba. Baada ya hapo ni ukungu."

Nilijua anachokiogopa. Katika wimbo ule mwimbaji, kwa niaba ya binti, anawaaga wote waliomlea, mmoja baada ya mwingine: anapiga makofi, anamtaja, anamshukuru, anamwomba amwachilie. Atakayerukwa ana haki ya kukaa mlangoni na kuuliza mbona yeye hajaagwa, na bibi harusi hatoki mpaka aliyerukwa aombwe radhi. Shangazi mmoja aliwahi kurukwa kabla sisi hatujazaliwa, akajaza mlango mzima kwa mwili wake tangu asubuhi mpaka upande wa bwana harusi walipotaka kurudi kwao. Kicheko cha kisa hicho hakijaisha katika ukoo wetu. Lakini sasa bibi hayupo na mama hayupo, mwimbaji ni dada, na orodha ya waagwao haikuwa kichwani mwa mtu yeyote aliye hai.

"Nikiukosea," alisema, "watasema nyumba hii imeisha."

Nilipanda mpaka kwake na kopo langu. Betri ya ndani ya mashine, ile bapa kama pipi ya kutafuna, ilikuwa imevimba na kutoa unga wa kijani. Bahati nzuri mashine ina kikopo cha kuning'iniza kando kinachobeba betri moja ya kawaida, zile za tochi ndogo. Nilikichomeka. Kioo chake kikawaka, kisahani kikazunguka ndani kwa mlio wa mbu, na mimi nikajikuta nacheka peke yangu. Tulikaa kwenye kizingiti, sikio moja la hedifoni kwake, jingine kwangu.

Bibi alikuwepo. Chekeche lilikuwepo, kuku walikuwepo. Makofi yalikuwa makali kama kuni inayopasuka. Lakini kila baada ya makofi sauti yake ilididimia, ikawa mnong'ono chini ya vumbi, kisha ikapanda polepole mpaka ikasikika vizuri, na wakati huo alikuwa ameshamtaja mtu na anaendelea kumshukuru.

"Inanipotea hapo hapo ninapoitaka," dada alisema. "Ongeza sauti."

"Imefika mwisho."

"Basi mwambie arudie."

Aliniangalia, na tukacheka wote, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu. Mashine nayo ilianza kukwama: inasoma kidogo, inanyamaza, inatafuta, inaanza upya. Niliona kwamba hatuna muda wa kuichezea. Sauti ile ilitakiwa itoke kwenye kisahani iingie kwenye kompyuta ikiwa hai, halafu iende kwenye simu ya dada ili ajifunze akiwa shambani anachuma kahawa.

Laptop nilikuwa nayo, ya mtumba lakini changa kuliko mashine. Mashine ina tundu la waya wa kompyuta, na waya wenyewe ulikuwepo kwenye kopo. Nilichomeka. Kompyuta ikatoa mlio wa kumpokea mgeni, halafu ikaandika kwamba kifaa hakitambuliki. Nilichomoa, nikapuliza, nikachomeka tena. Jibu likawa lile lile. Inahitaji draiva, yaani zile karatasi za kielektroniki zinazoieleza kompyuta mgeni huyu ni nani na anazungumza lugha gani. Nilizitafuta kwenye mtandao, nikazipata, lakini zilikuwa zimetengenezewa kompyuta za kizazi kilichopita. Laptop yangu ilizisoma ikazikataa, kama ofisa wa uhamiaji aliyepewa pasi ya nchi iliyokwisha kubadili jina.

Nikashuka Tunduma. Karibu na barabara ya mpakani kulikuwa na mama mmoja wa steshenari, mtu wa Tanga, aliyehamia pale akimfuata mumewe mwenye malori. Alitoa kopi, alipiga picha za pasi, alijaza nyimbo kwenye kadi za simu. Niliiweka mashine kaunta.

"Kaka, hapa hatutengenezi mashine za ndevu."

"Si ya ndevu, mama. Ndani yumo bibi yangu."

Aliitazama mashine, akanitazama mimi, akasogeza kiti. Nilimweleza habari yote. Alipenda hasa sehemu ya shangazi aliyeziba mlango. Kwao pia, alisema, yuko shangazi wa namna hiyo, tena wawili. Kisha akainama chini ya meza, akavuta kompyuta nene yenye rangi ya meno ya mvuta sigara.

"Hii nimeiacha kwa ajili ya printa yangu," alisema. "Printa ni kongwe, kompyuta mpya zote zinaikataa. Wazee wanaelewana wao kwa wao. Hebu tumjaribu na huyu wako."

Iliwaka kwa kunguruma. Tuliipa zile draiva kutoka kwenye flashi, nayo ikazipokea bila swali. Tukachomeka mashine. Kwenye kioo ikajitokeza orodha ya vipande vilivyomo kwenye kisahani, havina majina, namba tu. Nilihisi kama mtu aliyeonyeshwa chumba alichozaliwa kupitia dirishani. Vyote vilikuwemo.

"Sasa tumwite atoke," alisema mama wa steshenari, akashika kipanya.

Tulitafuta pa kumwitia. Programu ilikuwa na mshale wa kupeleka nyimbo kutoka kompyuta kwenda kwenye mashine. Tukatafuta mshale wa kurudi. Tulifungua kila mlango wa programu ile, tukasoma kila neno, Kiingereza changu cha sekondari na chake cha biashara vikisaidiana. Mshale wa kurudi haukuwepo.

"Inawezekanaje?" alisema. "Barabara ya kwenda bila ya kurudi?"

"Hata pale mpakani malori yanarudi."

"Yanarudi matupu, lakini yanarudi." Akabonyeza kitu kilichoonekana kama cha kusawazisha pande mbili. Kibao kikafunguka na maneno mengi, na mwishoni pakawa na Ndiyo na Hapana. Alikuwa anaelekea kwenye Ndiyo, na mimi nilikuwa nimefika kwenye neno linalosema kufuta. Nilitaka kumshika mkono, nikakumbuka adabu, nikaushika waya badala yake, nikauchomoa.

Orodha ikatoweka kwenye kioo.

"Kaka," alisema taratibu, "umeiua au umeiokoa?"

Niliivuta mashine kwangu. Nilivaa hedifoni, nikabonyeza. Mbu akalia ndani, kisahani kikatafuta, kikatafuta tena. Kisha, pa, pa, pa, nikamsikia bibi akimsalimu mgeni. Nilimpa mama wa steshenari sikio moja ahakikishe. Alisikiliza kidogo, akasema, "Alhamdulillahi," na akaisogeza kompyuta mbali na mashine kama mtu anayetenganisha majogoo.

Siku iliyofuata nilikaa kwenye mtandao nikitaka kujua kwa nini. Swali hilo lilikuwa limeanza kunisumbua kuliko hata shida yenyewe. Nilikuta watu wa nchi za mbali, wazee kama mimi, wanalalamikiana juu ya mashine hizo hizo. Nilivyowaelewa, waliozitengeneza waliogopa wizi wa nyimbo. Wakahofia kwamba mtu ataweka wimbo wa kuuzwa kwenye kisahani na kuumwaga kwenye kompyuta za jirani, basi wakafunga njia ya kurudi kwa kila sauti, hata ile uliyoinasa mwenyewe jikoni kwa bibi yako. Nilicheka nilipofikiria kwamba mahali fulani mtu mwenye tai alikaa akazuia kuku wa Chapwa wasiibiwe.

Lakini wale wazee walikuwa na jibu, na jibu lenyewe lilikuwa la kawaida mno. Mlango mkubwa umefungwa, dirisha liko wazi. Sauti inayoingia masikioni mwako kwa hedifoni hakuna aliyeweza kuizuia. Chukua waya, upande mmoja kwenye tundu la hedifoni, upande wa pili kwenye tundu la kipaza sauti la kompyuta, acha mashine iimbe, kompyuta isikilize. Haiendi haraka. Utakaa naye kwa urefu ule ule aliokaa akiimba. Nikarudi steshenari kuutafuta waya huo.

"Huu?" mama wa steshenari alichomoa waya kwenye kulabu juu ya kichwa chake. Ni ule wa kuunganishia simu na sabufa. Alikuwa nao rundo, anauza kila siku.

Kwa kuwa haikuhitaji draiva, tulitumia laptop yangu. Mara ya kwanza sauti ilipasuka, bibi akawa kama anaimba ndani ya debe. Tundu la kipaza sauti lina masikio makali, ikabidi tuipunguze mashine mpaka karibu na kimya. Mara ya pili kukawa na mngurumo chini ya wimbo wote, kama friji. Tukahangaika na waya, tukaugeuza, tukaubadilisha. Kwa bahati niligusa waya wa chaja ya laptop ukachomoka, na mngurumo ukakatika pale pale. Tuliuchomeka ukarudi, tukauchomoa ukaondoka, tukarudia mara kadhaa kwa raha tu ya kuona. Mara nyingine tulikuwa tumefika karibu na mwisho, simu ya mama wa steshenari ikaingia mpigaji, na juu ya sauti ya bibi ukaja ule mlio wa tititi-tititi. Alizima simu yake, akaniamuru nizime yangu, akawageukia wateja waliokuwa na vyeti vyao mkononi.

"Jamani, simu zote chini. Bibi anaimba."

Wakanyamaza. Walisimama na karatasi zao mpaka jogoo wa mwisho alipowika.

Kwenye kioo cha laptop wimbo ulikuwa umechorwa, umelala kama mandhari. Makofi yalisimama marefu kama miiba, na sauti ya bibi ilikuwa majani kati yake. Mama wa steshenari hakujua Kinamwanga hata neno, na labda ndiyo maana yeye ndiye aliyeona.

"Angalia, kaka. Kila penye miiba, majani baada yake yanalala. Halafu yanainuka pole pole. Kila mara."

Hapo nikaelewa. Mashine ile hujipimia sauti yenyewe. Ikisikia kishindo, inaziba masikio. Ikiona kimya, inayafungua taratibu. Na mimi niliweka kipaza sauti kwenye chekeche, karibu na mikono ya mwanamke ambaye hamtaji mtu bila kumpigia makofi kwanza. Heshima yenyewe ndiyo iliyofunika majina. Angekuwa mtu wa kusalimia kwa mdomo tu, kama sisi wa siku hizi, kila neno lingesikika.

Dawa yake ilikuwa kazi ya mkono. Tulichagua kipande cha majani yaliyolala, tukakiinua, tukasikiliza, tukakishusha kidogo, tukahamia kinachofuata. Vumbi lilipanda pamoja na sauti, lakini ndani ya vumbi palikuwa na maneno. Tulipomaliza niliiweka kazi hiyo kwenye kadi ya simu, nikapanda na mabasi ya Mbeya mpaka Nanyala.

Dada alisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia, kanga mdomoni. Kinamwanga chake ni kizuri kuliko changu.

"Mlango," alisema. "Baba. Mama. Mafiga. Mdogo wangu, mafiga ya jikoni nayo yanaagwa. Kaka. Shangazi." Akasimama, akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Uso wake ukabadilika. "Jirani."

"Jirani?"

"Jirani tuliyeazima moto kwake. Ndivyo anavyosema."

Alisimamisha wimbo hapo. Kwa dada yangu jirani ni mmoja tu, mama wa ng'ambo ya uzio wa minyaa, ambaye mbuzi wake waliingia kwenye kitalu wakala miche ya kahawa. Tangu siku hiyo walikuwa wakipishana njiani kila mmoja akikagua mawingu.

"Labda tumesikia vibaya," alisema.

"Labda. Nirudishe?"

"Acha." Kisha, akitazama upande wa uzio, "Ule moto wenyewe ni kweli tuliazima. Mvua za mwaka ule viberiti vyote vililowa. Binti huyu ndiyo kwanza ana wiki moja."

Baada ya jirani kulikuwa na ubeti mmoja tena, ambao dada hakuukumbuka hata kama ndoto. Makofi, halafu maneno kwa mtu asiyetajwa: wewe uliyekaa kimya, usiyekula, usiyejibu, umetusikia wote, basi mbebe salama. Dada alisema huyo ni mtoto atakayezaliwa. Alianza kufuta macho. Mimi nilikumbuka kinu kilichopinduliwa na jicho moja la bibi.

"Dada, nadhani hapo alikuwa anaiaga mashine."

"Mashine gani?"

"Yangu. Aliona imekaa uani kwake tangu mwanzo, akaona si vizuri kuiruka."

Alinikodolea macho, kisha akacheka mpaka akajishika ubavu. Alipotulia alisema, "Basi nao umo. Bibi ameuweka, mimi nani niutoe?"

Alijifunza wimbo ule kati ya mistari ya kahawa, simu ikiwa imechomekwa kwenye kilemba chake. Wachumaji walisema mama huyu sasa anaongea na mizimu, anapiga makofi peke yake vichakani.

Asubuhi ya kumtoa binti, baada ya kelele zote za sendofu ya jana yake, ua ulijaa. Binti alisimama mlangoni amefunikwa. Dada akainama mbele ya mlango, akapiga makofi, akaimba. Sauti yake si ya bibi, ni nzito na inatetemeka ikipanda, lakini njia ilikuwa ile ile. Akauaga mlango, akamuaga baba wa binti, akajiaga yeye mwenyewe mama kwa mkono kifuani. Akaenda jikoni akayaaga mafiga, watu wakafuatana naye wakisukumana. Akawaaga kaka na shangazi.

Kisha akatoka, akatembea mpaka kwenye uzio wa minyaa. Yule mama wa ng'ambo alikuwa amesimama upande wake akitazama harusi kama mtu anayetazama mvua ya shamba la wengine. Alipoona dada anakuja alitaka kugeuka. Dada akainama kwenye majani ya mahindi yaliyokauka, akapiga makofi, akamtaja, akamshukuru kwa moto. Jirani alisimama na mikono ikining'inia. Kisha naye akainama upande wake, akajibu, pa, pa, pa, kwa nguvu, na kati ya minyaa tukaona kilemba chake kikishuka.

"Mbuzi tutaongea kesho," dada alisema alipoinuka, kwa Kiswahili, nje ya wimbo.

"Tutaongea," jirani akajibu. "Lakini uzio wako nao una matundu."

Watu walicheka, na dada akarudi uani kwa ubeti wa mwisho. Alitazama huku na huku akiutafutia mtu wa kumwimbia. Simu zilikuwa zimeinuliwa kila upande, vioo vikimwelekea. Alizigeukia, akainama, akazipigia makofi: ninyi mliokaa kimya, msiokula, msiojibu. Wenye simu waliangaliana. Kijana mmoja alishusha yake kwa aibu, kisha akaiinua tena. Hakuna aliyeziba mlango. Binti akatoka.

Jioni mpwa wangu mmoja alinirushia alichonasa. Nilikaa kwenye kizingiti nikavaa hedifoni. Simu yake ilikuwa mpya kabisa, haina kisahani wala mlio wa mbu, lakini ilipofika penye uzio nilisikia makofi ya dada yakipasua, na mara sauti yake ikadidimia chini ya vumbi, neno jirani likapotea lote. Makofi ya upande wa pili yalisikika wazi. Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena, halafu nikaenda kutafuta laptop.